Kwa nini mafuta ya mchaichai yanafukuza mbu nusu saa tu, halafu wanarudi?

#1 Upepo_wa_Kusi
Wadau, salaam. Kuna mchanganyiko unaosambazwa sana: mchaichai unachemshwa ndani ya mafuta ya nazi, unachujwa, unapakwa jioni. Vipimo vyake ni gramu 250 za majani mabichi kwa nusu lita ya mafuta, moto mdogo, saa moja. Mbu wanakaa mbali dakika ishirini au thelathini, baada ya hapo wanatua kama hakuna kilichopakwa. Wapo wanaosema mafuta yamepaa, wapo wanaosema mbu wameizoea harufu, na wengine wanaulaumu mchaichai wenyewe. Naomba maelezo yenye hesabu.

#2 Mkamuaji_Mvuke
Tuanze na hesabu basi. Majani mabichi ya mchaichai yana mafuta tete, yaani yale ya harufu yanayopaa hewani, kati ya 0.2% na 0.5% ya uzito wake. Tuchukue 0.4%. Gramu 250 zina gramu 1 tu ya mafuta tete. Hata kama ungeitoa yote bila kupoteza tone, umeiweka kwenye nusu lita, kwa hiyo una 0.2%. Na hukuitoa yote, kwa sababu saa moja jikoni bila mfuniko sehemu kubwa imepaa. Ile harufu nzuri iliyojaa nyumba nzima ndiyo dawa yenyewe ilivyokuwa ikiondoka.

Bidhaa za kufukuza mbu za mafuta ya mimea huanzia 5% hadi 10%. Kufika 10% kwenye nusu lita unahitaji mililita 50, yaani kama kilo 12 na nusu za majani. Usishangae kwa nini mbu wanarudi, shangaa kwamba waliondoka.

#3 Mfamasia_wa_Kata
Mkuu #2, hesabu safi, lakini mtu atasoma "10%" na kwenda kununua chupa ya mafuta ya mchaichai ajipake kwa kiwango hicho. Asifanye hivyo. Mchaichai wa chai, Cymbopogon citratus, una sitrali kwa wingi, mara nyingi zaidi ya theluthi mbili ya mafuta. Sitrali inawasha na inaweza kuifanya ngozi iwe na mzio wa kudumu. Miongozo ya usalama wa ngozi huyaweka mafuta ya mchaichai chini ya 1%.

Kinachotumika kwa 10% ni sitronela, ndugu yake: Cymbopogon nardus na Cymbopogon winterianus. Hao wana sitronelali, sitronelo na geranioli. Mimea inafanana, mafuta yake ni mengine kabisa.

#4 Shamba_la_Mlimani
Kuwatofautisha shambani: nardus mashina yake chini yana wekundu wa zambarau, na majani ni makali, hayafai kwenye chai. Citratus chini ni mweupe au kijani mpauko. Wauza miche wengi wanaviita vyote "mchaichai wa mbu". Ponda jani kabla hujalipa: citratus inanuka kama ganda la limau, sitronela inakaribia harufu ya sabuni yenye waridi.

#5 Upepo_wa_Kusi
Kumbe hata jina nimekosea. Ahsante #3 na #4. Sasa tuchukulie mtu ana sitronela halisi ya 10%. Itakaa muda gani?

#6 Mkamuaji_Mvuke
Muda mfupi. Mwaka 2002 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la mkono ndani ya kizimba cha mbu. Dieti (DEET, dawa ya kemikali ya kufukuza mbu) ya 23.8% ililinda kwa wastani wa dakika 301 na nusu. Bidhaa za sitronela zilizopimwa pale zote zililinda chini ya dakika 20. Iliyoshangaza ni ya mafuta ya soya ya 2%: dakika 94.6.

Maelezo yangu ni moja: kupaa. Mbu anafukuzwa na mvuke ulio juu ya ngozi. Sitronela ina molekuli nyepesi, zinatoka zote haraka. Mwanzo mvuke ni mzito, nusu saa baadaye hakuna kitu. Ngozi ina joto, na ukiongeza jua na upepo wa feni, muda unapungua zaidi.

#7 Kerengende
Kupaa ni nusu ya jibu. Mbu nao hubadilika. Watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine walichapisha mwaka 2013 kwamba mbu aina ya Aedes aegypti aliyekutana na dieti mara ya kwanza, saa tatu baadaye hakuijali tena kama mwanzo, na neva za kipapasio chake zilipopimwa ziliitikia kidogo. Kama dieti inazoeleka, kwa nini sitronela isizoeleke? Chumba kilichofungwa chenye mbu walewale usiku kucha ni mahali pazuri pa kuzoea.

#8 Mkamuaji_Mvuke
#7, hiyo ni saa tatu, mkuu. Swali la uzi ni nusu saa. Halafu mbu wanaokuja dakika ya 30 wengi ni wapya, hawajawahi kuinusa.

#9 Kerengende
Wapya kwa nje, barazani. Chumbani ni walewale. Sijasema kupaa hakupo, nasema hakutoshi.

#10 Bi_Makonyo
Assalaam alaykum. Mnazungumza mchaichai mpaka mnasahau karafuu, na karafuu inakaa kuliko hiyo. Yujinoli, kiungo kikuu cha mafuta yake, ni nzito, haipai upesi. Kule Wawi, Chake Chake, kiwanda cha mafuta kinakamua makonyo, vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua karafuu. Makonyo makavu yanatoa mafuta 5% hadi 7%. Linganisheni na hiyo 0.4% yenu ya majani.

#11 Mfamasia_wa_Kata
Bi Makonyo, shikamoo. Ni kweli inakaa, lakini kwenye ngozi yujinoli inaunguza. Kiwango salama cha mafuta ya karafuu ni kama nusu asilimia, yaani nusu mililita kwa mililita 100. Kwa kiwango hicho haifukuzi mbu wa maana. Ukipandisha hadi 10% mbu watakimbia, na ngozi ya shingo itachubuka.

#12 Bi_Makonyo
Marahaba. Sikusema mtu ajipake. Iwekwe kwenye kitambaa kinachoning'inizwa dirishani. Na tahadhari nyingine: usiiweke kwenye chupa ya plastiki nyembamba, inailainisha na kifuniko kinang'ang'ania. Chupa ya kioo cha kahawia.

#13 Fundi_Kipozeo
Kwa wanaotaka kukamua wenyewe, kosa la kwanza la karafuu ni kumwaga mafuta wakidhani ni maji. Mafuta ya mchaichai na sitronela yanaelea juu ya maji. Ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Chombo cha kutenganishia chenye bomba la kutolea maji chini kitakumwagia karafuu yote chini ya sakafu.

Mtambo wenyewe: pipa la chuma cha pua, maji chini, wavu juu ya maji kama sentimita 15 ili majani yasiguse maji wala kitako. Majani yakigusa kitako yanaungua na mafuta yote yananuka moshi, hakuna namna ya kuyarekebisha. Kata mchaichai sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, uache unyauke kivulini kwa siku moja, pipa litameza majani mengi zaidi. Shindilia sawasawa. Ukiacha mianya, mvuke unapita palepale penye njia na majani mengine hayaguswi. Maungio yazibe kwa unga wa ngano uliokandwa, ukikauka haupitishi mvuke.

Kipozeo ndicho kinachoua kazi ya wengi. Kinachotoka mwisho wa bomba kiwe vuguvugu, si moto. Ukiona mvuke unatoka pamoja na maji, punguza moto au ongeza maji baridi, maana mafuta yanakwenda hewani. Mchaichai saa mbili zinatosha, na sehemu kubwa inatoka saa ya kwanza. Makonyo yanataka hata saa kumi na zaidi. Na kwa karafuu usitumie chuma cha kawaida, yujinoli inageuka nyeusi.

Kilo 50 za majani kwa 0.4% ni gramu 200. Anayekuuzia lita nzima kwa bei ya soda amekuuzia kitu kingine.

#14 Nta_na_Asali
Namna ya kumjua huyo wa bei ya soda: dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, acha siku nzima. Mafuta tete halisi yanapaa na kuacha karatasi karibu safi. Yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia yanaacha doa la grisi lisilokauka.

#15 Mkamuaji_Mvuke
Nzuri, ila haikamati yaliyoongezwa spiriti, maana spiriti nayo inapaa. Kwa hiyo weka mililita 5 za maji na mililita 5 za mafuta kwenye sirinji wima, tikisa, acha yatulie. Maji yakionekana yameongezeka na mafuta yamepungua, kuna spiriti iliyohamia kwenye maji. Na kwenye karatasi, karafuu iache kwa siku mbili kabla ya kuhukumu.

#16 Nta_na_Asali
Sawa, nimesahihishwa.

Nirudi kwa mwenye uzi: kama tatizo ni kupaa, lipunguzie kasi. Malhamu ya nta inasaidia. Kwa gramu 100: nta ya nyuki 20, mafuta ya nazi 70, sitronela 10. Yeyusha nta na nazi kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, usiweke moja kwa moja kwenye moto. Ondoa, koroga, subiri mpaka kingo zianze kuwa na ukungu, hapo ndipo utie sitronela na kumimina. Wengi wanatia ikiwa bado inachemka, wanashangaa mbona harufu imekufa. Usipunguze nta kwa mwambao: mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, Dar na Tanga kopo litakuwa supu. Na usifunike ikiwa ya moto, unyevu utakusanyika chini ya kifuniko.

#17 Kijana_wa_Maabara
Ongezeni vanilini. Watafiti wa Thailand walichapisha mwaka 2001 kwamba kuongeza vanilini 5% kwenye mafuta ya sitronela, bizari ya manjano na mdimu wa kule kwao kulirefusha muda wa ulinzi. Inashikilia molekuli nyepesi zisitoke haraka. Ni ile ya unga mweupe wa fuwele, gramu 5 kwa 100. Vanila ya maji ya kuokea keki ina vanilini kidogo sana na maji yake yataharibu malhamu.

#18 Upepo_wa_Kusi
Nanuka keki, mbu wanakimbia, watoto wanakuja.

#19 Kijana_wa_Maabara
Watakuja kweli! Na itageuka kahawia baada ya muda na kuchafua shuka jeupe. Haijaharibika, ni vanilini.

#20 Mwarobaini40
Ninyi mnahangaika kuzuia kupaa. Chukueni mafuta yasiyopaa. Mafuta ya mwarobaini hayakamuliwi kwa mvuke, yanabanwa kutoka kwenye kiini cha mbegu kama ya alizeti, ni mafuta mazito. Kiini kina mafuta kwa karibu nusu ya uzito wake. Kawaida hutumika 2% ndani ya mafuta ya nazi: mililita 2 kwa 98. Kausha mbegu kivulini, ubangue, ubane viini tu. Mbegu zilizolowa zikaota ukungu zitupe, ukungu ule una sumu. Mafuta yananuka kama vitunguu saumu na kwenye baridi ya Njombe yanaganda chupani, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu.

#21 Kerengende
Hapa nina shaka. Kama mwarobaini haupai, mbu anaunusaje akiwa mbali? Azadirakitini, kiungo chake cha kuzuia wadudu, ni molekuli kubwa, kazi yake inayojulikana ni kuvuruga ulaji na ukuaji wa wadudu. Inawezekana mbu anatua, anaonja kwa miguu, anaondoka. Hiyo si kufukuza kwa harufu. Kwa hiyo kuna njia mbili, pua na miguu, na mkizichanganya hamtajua kwa nini dawa moja inakaa dakika 20 na nyingine saa nzima.

#22 Mwarobaini40
Una harufu, tena kali, ya misombo ya salfa. Hiyo inapaa. Azadirakitini inabaki.

#23 Nta_na_Asali
Au ni mafuta yenyewe. Rudi #6: soya 2%, dakika 94, wakati soya haina harufu ya maana. Mwaka 2018 watafiti wa idara ya kilimo ya Marekani walionyesha asidi za mafuta ya nazi zinafukuza mbu na nzi. Huenda nazi ndiyo inayofanya kazi na mchaichai ni mapambo.

#24 Mkamuaji_Mvuke
Soma tena, mkuu. Walisema asidi huru, laurika, kaprika na kaprilika, zilizotolewa kwenye mafuta. Mafuta ya nazi ya jikoni yanazo zimefungwa kwenye gliserini. Kama ingekuwa nazi peke yake, mwambao wote usingejua mbu. Na ile bidhaa ya soya ilikuwa na viungo vingine pia.

#25 Mfamasia_wa_Kata
Mwarobaini usinywe na usimpe mtoto kwa mdomo hata kijiko. Kuna watoto waliopata degedege na kufa baada ya kunyweshwa mafuta yake. Vivyo hivyo kafuri, na mkaratusi wenye sineoli nyingi usipakwe puani au usoni kwa mtoto mchanga. Mafuta ya ganda la ndimu yaliyobanwa baridi usiyapake ukaenda juani, yanaacha malengelenge na madoa meusi kwa wiki kadhaa.

#26 Shamba_la_Mlimani
Umetaja mkaratusi. Upo wa aina nyingi. Wenye harufu ya limau, Corymbia citriodora, ndio wa mbu. Ule wa kifua, globulus, ni mwingine.

#27 Kijana_wa_Maabara
Hapa ndipo watu wengi wanapotea, nieleze taratibu. Mafuta mabichi ya citriodora yana sitronelali nyingi, ile ile ya sitronela, na yanapaa vilevile. Dawa inayopendekezwa na mamlaka za afya za Marekani imetengenezwa kwa kugeuza sitronelali kwa asidi iliyochujuliwa iwe PMD, molekuli nzito zaidi. Wachina ndio walioigundua kwenye mabaki ya ukamuaji. Kwa 30% inalinda saa kadhaa, inakaribia dieti. Chupa ya mafuta mabichi na chupa ya PMD zote zina picha ya jani lilelile. Soma maandishi ya nyuma. Na haitumiki kwa watoto chini ya miaka 3.

#28 Upepo_wa_Kusi
Naweza kugeuza nyumbani?

#29 Kijana_wa_Maabara
Hapana. Asidi isiyooshwa vizuri inabaki kwenye mafuta, na bila kipimo cha maabara hujui umepata PMD kiasi gani.

#30 Pwani_Yetu
Je, kivumbasi? Kwetu kinatundikwa mlangoni, kinachomwa jioni, hakuna kupaka.

#31 Kerengende
Kivumbasi kinafanya kazi, lakini kukitundika kikiwa kizima kunatoa harufu ndogo sana, mafuta yamefungwa kwenye vinyweleo vya jani. Lazima kipondwe au kipashwe joto. Kuna majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya, kando ya Ziwa Victoria, ya kuweka majani juu ya bamba lililopashwa moto bila kuyaunguza. Kivumbasi (Ocimum) na citriodora vyote vilipunguza mbu waliouma. Bamba linatoa mvuke wa mafuta, moto wa wazi unatoa moshi wa kukoholesha. Funika makaa kwa kigae au kikaango kikuukuu, majani yawe mabichi, yakianza kukauka badilisha.

#32 Mganga_wa_Takwimu
Naona hakuna aliyeuliza mbu gani. Aedes wa kidingapopo anauma mchana, Dar ililipuka 2014 na tena 2019, na mchana hakuna aliye ndani ya chandarua. Culex wa vyoo na mitaro anauma usiku, na ndiye mwenye kusambaza matende mwambao. Anopheles gambiae na funestus wa malaria wanauma usiku wa manane. Dawa ya saa moja inamsaidia mtu barazani jioni, haimsaidii aliyelala.

#33 Kijana_wa_Maabara
Bolivia walichanganya PMD na chandarua, matokeo yakachapishwa 2007: malaria ilipungua kwa 80%.

#34 Mganga_wa_Takwimu
Ilikuwa malaria ya kimelea cha vivax, na mbu wa Amazoni anauma mapema jioni. Huku kwetu, bonde la Kilombero, walijaribu dieti 15% pamoja na chandarua, matokeo yakatoka 2014, na tofauti na losheni tupu haikuthibitika. Hiyo ni dieti, siyo mchaichai. Chandarua kisiondolewe kitandani kwa ajili ya kopo la malhamu.

#35 Kerengende
Nakubali yote, ila Kilombero hainijibu kwa nini nusu saa.

#36 Mchuuzi_wa_Spiriti
Swali la dawa ya kupuliza. Sitronela na maji kwenye chupa, nikitikisa vinachanganyika, nikipuliza mara ya tatu inatoka maji matupu.

#37 Fundi_Kipozeo
Kwa sababu mafuta yako yanaelea na mrija wa chupa unavuta chini. Unapuliza maji mpaka siku ya mwisho, halafu unapuliza mafuta matupu ya 100% usoni. Hiyo ni hatari. Yeyusha kwanza sitronela mililita 10 ndani ya spiriti ya 95% mililita 75, kisha ongeza maji mililita 15 polepole huku ukikoroga. Ikigeuka kama maziwa, maji yamezidi, rudisha spiriti kidogo kidogo mpaka iwe angavu. Tumia ethanoli. Spiriti ya taa ya jikoni ina methanoli, hiyo hapana. Na usipulize karibu na jiko.

#38 Mkamuaji_Mvuke
Na spiriti inaharakisha kupaa zaidi ya nta. Kwa hiyo #37 anapata upesi na kupoteza upesi.

#39 Kerengende
Basi lifanyike jaribio, na lifanyike maabara kwa mbu waliofugwa wasio na vimelea, siyo mtu kutoa mkono wake kibarazani msimu wa mvua. Sitronela ileile ya 10%: kundi la kwanza kwenye spiriti, la pili kwenye nta, la tatu nta na vanilini. Kila kundi liwe na mbu wapya kila dakika 15, na kundi la nne mbu walewale mwanzo hadi mwisho. Kama mbu wapya na wa zamani wanaanza kutua dakika ileile, #2 ana haki. Kama wa zamani wanatangulia, mimi.

#40 Nta_na_Asali
Ongeza kundi la nazi tupu.

#41 Mkamuaji_Mvuke
Na la mwarobaini 2%, ili #20 asilale na kinyongo. Pima pia uzito wa ngozi bandia kabla na baada, tujue gramu ngapi zimepaa na ngapi zimebaki.

#42 Upepo_wa_Kusi
Nimepata zaidi ya nilichouliza. Kopo langu la nusu lita lenye 0.2% nitalifanyia nini?

#43 Bi_Makonyo
Lina maji ya majani mabichi, litachacha ndani ya wiki chache. Lipashe kwenye maji ya moto mpaka mapovu yaishe, chuja kwa kitambaa kikavu, ujipake nywele.